Simu ya Elfu Tisa na Mistari Miwili Mitupu

Kwanza,
12 Januari 2025

Wifi yangu Lenah,

Salamu kutoka kwa watu wote wa boma hili, wenye miguu miwili na wenye minne. Sisi tu wazima. Yule ng'ombe mwekundu alizaa siku mbili baada ya Krismasi, ndama jike mwenye doa jeupe usoni, kama mtu aliyenawa akasahau povu. Binti yetu Pauline bado anauza misumari na mabati pale Kitale, anakusalimu. Mahindi tumeuza, yamebaki magunia kumi na mawili ghalani.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Mwandishi wa barua katika nyumba hii alikuwa kaka yako Wakoli. Kila mwezi aliketi hapa mezani, akaandika "Dada Lenah," halafu akatafuna mfuniko wa kalamu muda mrefu. Mfuniko bado una alama za meno yake. Sikukusudia kuirithi kazi hii. Lakini Jumamosi iliyopita Hiram, dereva wa lori la viazi, alisimama langoni akapiga honi kama alivyozoea, kuuliza kama kuna barua ya Bungoma. Nikamwambia hakuna. Hakuondoka mara moja. Alikaa pale injini ikinguruma, kana kwamba nimemdanganya. Nikaona haya.

Sasa nije kwa lililonikalisha. Nataka kununua simu ya kisasa na sijui nitoe kiasi gani. Kabambe yangu, hii simu ndogo ya vitufe, imepoteza namba tano na namba nane, na mtu akiwa na hizo kwenye namba yake siwezi kumpigia mpaka anipigie yeye. Lakini si hilo tu. Tamasha la kwaya limebadilika. Mwaka huu raundi ya kwanza hakuna kusafiri. Kila kwaya ijirekodi kwa video na kuituma kabla ya tarehe thelathini Aprili. Zitakazochaguliwa zitakutana huko kwenu Bungoma mwezi wa Juni.

Kwaya yetu haijaimba tangu tulipomzika Wakoli mwezi wa Oktoba. Sasa wanataka kuimba, na wanataka wimbo wake wa mwisho, ule wa mavuno. Nimeupata kwenye daftari lake la bluu. Sauti ya kwanza ipo, na ya nne ipo. Ya pili na ya tatu ni mistari mitupu. Mzee Kimotho anayeongoza sauti ya nne amesema wazi: "Tukiimba wa mtu mwingine, tutakuwa tumemzika mwalimu mara ya pili." Na bila wimbo huo wengi wao hawatarudi mazoezini, nawajua.

Najua mlizoea kutunga kwa barua, yeye akiandika ya kwanza na ya nne, wewe ukijaza za katikati. Je, huu uliwahi kuuona?

Kuhusu simu, nimetenga elfu kumi na mbili. Pauline anataka nichukue ile ya elfu ishirini na nane, ya kulipa mdogo mdogo. Wewe unafanya kazi na kompyuta, nishauri.

Ni mimi wifi yako,
Nelima


Kibabii,
2 Februari 2025

Wifi Nelima,

Barua yako imefika ikinukia viazi. Nimeisoma stoo ya shule, katikati ya magunia ya maharagwe ya wanafunzi, ikabidi nihesabu maharagwe upya. Sisi hatujambo. Mwanangu Levi amemaliza mitihani yake na sasa kazi yake ni kulala na kula. Jua la huku ni kali, hata mgomba ule nyuma ya jikoni umeinamisha kichwa.

Kuhusu simu, msikilize Pauline. Usinunue simu ya bei rahisi, wifi. Itakusumbua. Angalia kwanza nafasi ya kuhifadhi, iwe kubwa. Angalia betri. Angalia kamera, kwa sababu kwaya ina watu wengi na kamera ndogo itawafanya waonekane kama siafu. Angalia kama ni ya mtandao wa kasi. Hii ya elfu ishirini na nane ni nzuri, mwenzangu mmoja ofisini anayo. Na usiingie kwenye kulipa mdogo mdogo, ilipe yote mara moja. Kwa hiyo nimekutumia elfu kumi na saba leo asubuhi. Ukiongeza na zako utafika, na chache zitabaki za bando ya intaneti. Nunua bando ya mwezi mzima, usihangaike.

Usinishukuru. Ni kwa ajili ya kwaya.

Kitovu cha ndama kimekauka? Kama bado, kipakwe dawa.

Salimia wote.
Lenah


Kwanza,
23 Februari 2025

Wifi yangu,

Tumekusoma, na kitovu cha ndama kimekauka vizuri. Mzee Kimotho aliugua kifua lakini amerudi kwenye besi yake, anasema kikohozi kimemshusha noti mbili zaidi. Tumeanza kulima.

Nilikwenda Kitale Jumanne. Duka la kwanza, kijana akanishikisha simu kubwa kama kibao cha kukatia mboga. "Mathe, hii ndiyo iko juu saa hii. Unaweka elfu nne tu, halafu kila siku mia moja na kumi, mwaka mmoja. Hata hutasikia." Nikamwambia kusikia nitasikia, mimi ndiye nitakayekuwa natoa. Nikatoka.

Nikaenda kwa Nasir, yule wa duka dogo karibu na msikiti, aliyekuwa akimtengenezea Wakoli redio. Hakunishikisha chochote. Alinivutia kiti.

"Pole sana kwa mzee. Sasa mama, hiyo simu unataka ikufanyie nini?"

"Inisikilizishe wimbo kutoka Bungoma. Irekodi watu ishirini na wawili. Itume."

"Michezo?"

"Nina ndama."

"Picha za usiku?"

"Usiku mimi hulala."

"Basi mbona ununue trela kubeba debe moja?"

Lenah, nilicheka mpaka nikafuta macho, na sikujua ni machozi ya nini. Unakumbuka Wakoli alivyokuwa sokoni? Muuza kamba akimvutia bunda zima, akimwambia bei ya bunda ni nafuu, yeye husimama akajiuliza kwa sauti, mbele ya watu, "Ng'ombe wangapi?" Akijibu "mmoja," anakatiwa kamba ya ng'ombe mmoja. Nilikuwa naona aibu ikitokea hivyo. Jumanne nilijikuta nimesimama dukani kwa Nasir nikisema hayo hayo.

Nasir alinionyesha ya elfu tisa na mia tano, akaniachia kwa elfu tisa, pamoja na kava lake. Alinionya pia kuhusu zile za mdogo mdogo, kwamba ukikosa siku mbili inajifunga yenyewe, hata mkiwa katikati ya wimbo. Nyumbani nilipiga hesabu ya mia na kumi kwa kila siku ya mwaka. Ni kama kununua simu moja na kulipia nyingine nusu ambayo huioni.

Sasa cheka na wewe. Nilinunua bando ya shilingi hamsini. Nikaitumia kidogo, nikaona nisiimalize, nikaizima simu, nikaifunga kwa leso na kuiweka kabatini isimwagike. Asubuhi kuiwasha, bando hakuna. Nikadhani mtu ameingia kabatini. Pauline akaniambia, "Mama, bando ya siku ni maziwa, si mafuta ya taa. Unywe usinywe, kesho yameganda." Kumbe mtu anaweza kununua kitu, asikitumie, na bado kiishe.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Bando ya mwezi ni kubwa kuliko kazi yetu, ya siku inaganda. Tutachukua ya wiki. Na mzee Kimotho amepitisha sheria, kila mwanakwaya alete yai moja Jumapili. Mayai ishirini na mawili yanalipia wiki na mawili matatu yanabaki ya kuchemsha. Wanaume wasio na kuku wananunua kwa wenye kuku. Watu wanayaita mayai ya bando.

Zile elfu kumi na saba nimekurudishia jana. Usidhani ni mitambo imekosea. Nakushukuru kwa moyo wote, lakini ni pesa nyingi kuliko swali langu la simu. Naona kama zinajibu lile swali jingine, ambalo hukulijibu. Nilikuuliza kuhusu mistari miwili, ukaniambia kuhusu kamera.

Sikulaumu. Nakumbuka tu siku ya lufu, ile siku ya tatu baada ya mazishi, tulipokaa kunyolewa na kila mtu akasema lililobaki kati yake na marehemu. Ulikuwa umekaa karibu na mlango wa jikoni. Zamu yako ilipokaribia nikakutafuta kwa macho, kiti kilikuwa kitupu, na kikombe chako cha chai bado kinatoa moshi.

Kama una neno, lilete. Hiram atapita Jumamosi.

Nelima


Kibabii,
2 Machi 2025

Nelima,

Leo sitauliza habari za ndama.

Wimbo wa mavuno niliuona. Ninao. Wakoli aliniletea kwa mkono wa Hiram tarehe tatu Septemba, karatasi mbili zilizokunjwa mara nne, na maneno machache: "Dada, jaza za katikati kabla hatujavuna." Nikaziweka kwenye droo chini ya risiti za unga. Sikujaza. Sikumjibu hata kumwambia zimefika.

Nitakwambia kwa nini, na utaona jinsi sababu ilivyo ndogo. Tamasha la mwaka juzi, nilikaa ukumbini kuisikiliza sauti yangu ya pili, niliyoiandika wiki tatu. Mahali patatu haikuwa yangu. Alikuwa amebadilisha, bila kuniuliza. Palipopanda amepashusha, akapitisha noti moja ya kushangaza. Halafu jaji akasimama na kusifu nini? Pale pale. Watu wakapiga makofi. Kaka akanigeukia akitabasamu, nami nikatabasamu, nikarudi nyumbani na kitu hapa kifuani ambacho sikukitoa. Tangu siku hiyo kila barua yake niliijibu habari za mvua na shule, na kila wimbo nilisema sina nafasi. Huu sikusema hata hivyo. Nilitaka asubiri. Nilitaka ajue ladha yake.

Tarehe kumi na moja Oktoba Pauline akanipigia kwamba kichwa kilimuuma kaka asubuhi, na saa saba mchana ametuacha. Nelima, alikuwa bado anasubiri.

Siku ya lufu ningesema nini mbele ya wazee? Mwingine alisema marehemu alikuwa na jembe lake, mwingine alisema alimsamehe mpaka wa shamba. Mimi niseme nilimnyima kaka yangu mistari miwili? Nilitoka kwa mlango wa jikoni. Tangu hapo sijaimba hata kanisani. Hufungua kinywa tu, watu wasinitazame.

Nakurudishia karatasi zake. Mtafute mwalimu mwingine wa muziki hapo Kitale azijaze. Mimi mkono wangu hauna haki.

Nisamehe kwa zile pesa. Ulizisoma sawasawa.

Lenah


Kwanza,
30 Machi 2025

Wifi yangu, dada wa mume wangu,

Barua yako ya tarehe mbili imenifikia jana. Lori la Hiram liliharibika giaboksi na kulala wiki tatu kwa fundi, na barua ilikuwa ndani ya koti lake, na koti lilikuwa ndani ya lori. Amekuja ananiomba msamaha kama aliyemwaga maziwa ya mtoto. Wiki zote hizo nilikuwa na simu yenye namba tano na namba nane, ningeweza kukupigia. Sikutaka. Uliyonyamazia kwa kalamu, nilitaka uyaseme kwa kalamu. Kumbe ulikuwa umeshayasema, yako kwenye koti.

Mvua imeanza. Tumepanda nusu ya shamba.

Sasa sikia. Unadhani hakujua? Mwaka juzi tukitoka tamasha aliniambia njiani, "Nimemkosea Lenah. Ningemwonyesha kwanza." Nikamwambia amwandikie. Akasema, "Lenah akinuna hununa mvua mbili. Nikimharakisha atafanya nne." Alikuwa anahesabu mvua, Lenah. Mwezi wa Septemba mvua ya pili ilikuwa inaisha, ndiyo maana alikuletea. Na mwezi ule wote sikumwona na huzuni. Hiram akipiga honi bila barua, alirudi zizini akisema, "Bado kidogo."

Kama ni maneno yangu tu, unaweza kusema namtetea. Lakini nina jambo jingine. Jana baada ya kusoma barua yako nilifungua daftari la bluu. Juu ya ile mistari mitupu kulikuwa na uchafu wa penseli, mimi siku zote nikidhani ni alama ya kidole. Nikaupiga picha ukurasa kwa simu, nikaupanua kwa vidole viwili, Nasir alinifundisha. Ni maneno. Mwandiko wake wa kulalia kulia. Yanasema: "Za Lenah. Zisiguswe."

Nililifunga daftari taratibu, penseli isifutike.

Kwa hiyo sitatafuta mwalimu Kitale. Hatuna ruhusa. Kwenye bahasha hii kuna karatasi zake mbili, zimekurudia. Ile picha nitakutumia leo jioni baada ya mayai kuuzwa, kabla Hiram hajakufikia, uione kwa macho yako.

Kwaya inakutana Jumatano na Jumapili, saa kumi. Zimebaki wiki nne. Hatuwezi kusubiri lori. Ukishajaza, usituandikie. Sisi hapa wanaosoma noti za solfa vizuri ni wawili tu, wengine huimba walichosikia. Piga simu, utuimbie.

Zamu yako ya lufu bado ipo. Hakuna aliyeichukua.

Nelima


Kibabii,
13 Aprili 2025

Wifi,

Picha ilifika Jumapili ile jioni nikiwa nakunja nguo. Nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyowahi kutazama picha yangu ya harusi. Levi aliniuliza, "Mum, mbona unalilia daftari?" Nikamwambia anyamaze aendelee kula.

Kwa picha hiyo, sauti ya tatu nilimaliza kwa siku mbili. Ya pili ilinichukua nne. Najua unakumbuka Jumatano ilivyokwenda, lakini mimi nataka uijue kwa upande wangu. Nilijifungia stoo. Nikapiga. Nikamsikia mzee Kimotho kabla sijasema lolote: "Nyinyi, nyamazeni, Bungoma iko hewani!" Nikafungua kinywa, na sauti haikutoka. Nikakusikia wewe ukisema pole pole, "Anza popote, wifi." Nikaanza katikati. Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilitoka, na ninyi mkairudia, na ikarudi kwangu kupitia kile kijisimu chako ikiwa imekuwa ya watu saba. Kisha mzee akauliza, "Huyo ni Wakoli wa kike ama ni nani?" Mkacheka. Nami nikacheka. Maharagwe ni mashahidi.

Sasa tatizo. Ile video ya kujaribu mliyonitumia leo jioni. Wimbo uko sawa, lakini sauti inagongana kwenye mabati ya kanisa kama mawe ndani ya debe. Halafu mvua. Halafu jogoo wa mtu. Sauti ya pili haisikiki kabisa. Wifi, simu yako ni ndogo kwa kazi hii, tuseme ukweli. Siku kumi na saba zimebaki. Niruhusu nizitume tena zile pesa, mara hii hazijibu swali lolote, ni za simu tu. Au tukodishe mpiga video Kitale. Nimeogopa. Tumefika hapa, tusianguke kwa ajili ya elfu ishirini.

Nijibu upesi.
Lenah


Kwanza,
4 Mei 2025

Wifi yangu,

Najua matokeo unayo tayari, ulipiga kelele kwenye simu mpaka Pauline akaushika mkono wangu. Lakini jinsi tulivyofanya hujui, kwa sababu kwa simu nilikwambia tu usitume pesa, mengine nilitaka kukuandikia.

Barua yako iliposomwa kwaya nzima iligawanyika. Vijana wakasema simu mpya. Pauline akasema, "Mama, si nilikwambia?" Kipkorir wa sauti ya tatu akasema auze kondoo. Mimi nilikuwa karibu kukubali, Lenah. Nilikuwa nimeshafungua kinywa.

Halafu nikakumbuka kitu kidogo. Miaka ile ya mvua nyingi, kelele za mabati zikizidi, Wakoli alikuwa akiwahamisha watu kutoka kanisani na kuwaleta hapa kwetu, ghalani. Mimi nilidhani anawakinga na baridi. Nikamuuliza mzee Kimotho. Akajipiga paji la uso. "Mahindi yanakula mwangwi! Mwalimu alisema hivyo. Magunia yananyonya sauti mbaya."

Magunia kumi na mawili yalikuwa bado. Majirani wakaleta yao, yakafika arobaini, tukayapanga kuta tatu. Watu walisimama katikati kama wako ndani ya mto wa kulalia. Ng'ombe na jogoo tukawapeleka kwa jirani. Sauti ya pili tukaiweka mbele kabisa, karibu na simu, kwa maagizo yangu mwenyewe, mimi nisiyejua kitu. Na simu, kwa kuwa hatuna kile chuma cha kuisimamishia, tuliitundika kwenye boriti kwa kamba. Ni ile kamba, Lenah. Ya ng'ombe mmoja.

Walirudia mara tisa. Mara ya tisa hakuna aliyekohoa. Nilipoisikiliza nilisikia kila mtu, hata pumzi ya Kimotho kabla ya kushuka chini.

Kuituma ilikuwa vita nyingine. Video ilikuwa nzito, bando ya wiki ilikuwa imebaki kidogo, na tarehe ilikuwa ishirini na nane. Watu walileta mayai mara mbili wiki hiyo, na mama mmoja ambaye kuku wake wanaatamia alileta kuku mzima. Tukapanda mpaka kwenye kilima cha shule mtandao uwe mzuri, nikashika simu juu kama mtu anayeomba mvua. Ikafika.

Kwaya thelathini na moja zilituma. Wamechagua sita. Sisi ni wa pili katika orodha. Na wengine, Pauline ameona video zao, wamerekodi kwa mitambo yenye taa.

Kwa hiyo tunakuja Bungoma tarehe ishirini na moja Juni. Sauti ya pili ina nafasi moja upande wa kulia. Sikuulizi kama utakuja. Nakuuliza shati lako la bluu la kwaya bado linakutosha?

Nelima


Kibabii,
29 Juni 2025

Wifi Nelima,

Shati lilinitosha, kwa shida, uliona.

Nakuandikia siku nane baada ya kukuona, na nilikuona karibu, lakini wewe hukuona chochote. Siku nzima ulikuwa umeinamia simu, umeishika kwa mikono miwili, ukirekodi. Kwa hiyo acha nikueleze tamasha ulilohudhuria.

Tulipopanda jukwaani ukumbi ulikuwa unaongea. Watu wa kwaya kubwa za mjini wenye majoho walitutazama na mashati yetu ya bluu, kila moja na bluu yake. Mzee Kimotho akaninong'oneza, "Mama, usiogope, mbele yako ni magunia tu." Akaanza yeye, chini kabisa. Ukumbi ukanyamaza kama umezimwa kwa swichi. Tulipofika ubeti wa pili nikamwona mwanamke mmoja wa kwaya pinzani akiweka mkono mdomoni. Ubeti wa tatu watu walikuwa wamesimama. Sikufungua kinywa tu, Nelima. Niliimba. Niliimba mpaka kifungo cha pili kikakatika, na kama utapanua video yako kwa vidole viwili utakiona kikiruka.

Jaji mkuu aliposimama alisema amesikia nyimbo nyingi za mavuno, lakini kuna mahali katika sauti ya pili, ubeti wa tatu, ambapo noti moja inapita mahali asipoitarajia. Akauliza ni nani aliyeitunga hiyo. Mzee akapaza sauti kutoka nyuma: "Kaka na dada! Wote wawili!"

Hilo la noti nalijua mimi peke yangu, sasa nakwambia. Ni ile ya mwaka juzi. Ile aliyoiweka bila kuniuliza, iliyonifanya ninune mvua mbili. Nilipokuwa najaza mistari kule stoo, nilijaribu kila njia nyingine, na hakuna iliyofaa. Alikuwa sahihi. Nikaiweka kwa mkono wangu. Jaji akaisifu tena, mbele ya watu, na mara hii nilicheka mpaka machozi. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo ya kusema siku ya lufu. Nimeyasema.

Walipotaja wa tatu, wa pili, na jina letu bado halijatajwa, nilidhani tumesahaulika. Nawe ulidhani hivyo, nilikuona ukiishusha simu kwa mara ya kwanza. Kisha likatajwa. Wa kwanza, kutoka Kwanza! Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi pamoja, Kipkorir akambeba mzee Kimotho mgongoni kama mtoto, na mzee akawa anapiga kelele, "Mayai! Ni mayai!" na watu wa Bungoma hawakuelewa kitu. Waliokuwa na simu za elfu sitini walikuja kuomba video yako. Niliwaona wamepanga foleni. Ulikuwa unawaambia bando inaisha Jumapili, wafanye haraka.

Sasa, kwenye bahasha hii kuna karatasi. Ni wimbo mpya, wa kupanda. Nimejaza sauti ya pili na ya tatu. Ya kwanza na ya nne ni mistari mitupu. Ya nne mpe mzee aipige mluzi, mtu ataiandika.

Ya kwanza ni yako. Usiseme hujui muziki. Nina barua ya Wakoli ya mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, naiweka hapa usome mwandiko wake mwenyewe: "Dada, usinisifu sana kwa sauti ya kwanza. Nelima huimba akikamua na hajui kama anaimba. Mimi husimama nyuma ya zizi na penseli."

Juu ya mstari huo nimeandika jina lako, na kwamba usiguswe na mtu mwingine.

Najua una simu, na najua ina bando. Hii usinijibu kwa simu. Chukua muda wako, hata mvua mbili. Jumamosi Hiram atapiga honi langoni. Usimwambie hakuna.

Wifi yako, dada yake,
Lenah